Mafiga, Vigogo au Uhodhi? Istilahi za Watatu Wanaotawala

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la istilahi ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana kuwa dogo, lakini likiachwa hivi hivi laweza kumpotosha msikilizaji na hata kumtia hasara. Tatizo lenyewe ni hili: watu, makampuni, vilabu au mataifa matatu yanapotokea kuwa na nguvu kuliko wengine wote katika uwanja fulani, Kiswahili kiyaite nini?

Watafsiri wetu hawakosi maneno. Wengine huandika “utatu”, wengine “mafiga matatu”, wengine “vigogo watatu”, na wengine hutosheka na “watatu wakubwa”. Maneno haya yote ni mazuri, na yote ni ya Kiswahili. Kasoro ni kwamba hutumika kana kwamba yana maana moja, hali kila moja lina maana yake na hukumu yake ndani yake.

Mwandishi wa makala haya alilitambua jambo hilo kwa kosa lake mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha mteremko wa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, palifanyika mkutano wa wakulima wa kahawa. Mbele yao ilisomwa taarifa iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, na tafsiri hiyo nilikuwa nimeipitia na kuikubali. Taarifa ya asili ilikuwa onyo: wanunuzi watatu walikuwa wakichukua sehemu kubwa ya kahawa ya eneo lile, na wakulima walitakiwa wajihadhari wasije wakakosa pa kwenda bei itakaposhuka. Tafsiri yetu iliwaita wanunuzi hao “mafiga matatu ya soko la kahawa”. Nililiona neno hilo kuwa tamu na la kienyeji, nikalipitisha.

Baada ya kusomwa, mzee mmoja alisimama akasema, “Mwanangu, tumekuelewa. Kama hao ndio mafiga, basi sisi ni wa kuwatunza, chungu chetu kisije kikaanguka.” Wenzake wakaitikia, na mkutano ukaendelea na ajenda nyingine. Habari ya bei haikujadiliwa. Onyo lilikuwa limegeuka kuwa sifa, na lililoligeuza ni neno moja.

Mzee yule hakukosea hata kidogo. Alilielewa neno “figa” kama lielewekavyo na kila Mswahili. Aliyekosea ni yule aliyelichagua.

Kuhesabu hadi tatu

Kabla ya kuyachambua maneno yenyewe, yafaa tukumbuke kwamba kuhesabu watu au vitu na kusimama kwenye tatu ni uamuzi wa mwenye kuhesabu. Mfano ulio wazi ni mlima wenyewe. Wataalamu wa miamba hutufundisha kwamba Kilimanjaro ni volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndiyo ya kale kuliko zote. Ilikwisha kuporomoka, na leo imebaki uwanda na kingo zenye kimo cha karibu mita 4,000. Mawenzi ina mita 5,149, na Kibo, penye kilele cha Uhuru, ina mita 5,895. Kwa mtaalamu huyo, vilele ni vitatu bila shaka.

Lakini hadithi mashuhuri ya Wachaga ina wawili tu. Husimuliwa kwamba Mawenzi alizoea kwenda kuomba moto kwa Kibo, akarudia na kurudia, hata Kibo akakasirika akampiga. Ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo na makovu hadi leo. Shira hayumo. Asiyeonekana kuwa mshindani hakuhesabiwa. Basi mfasiri aonapo maneno yenye maana ya “watatu wakubwa” katika maandishi ya kigeni, ajiulize kwanza: ni nani aliyehesabu, na kwa kipimo gani?

Swali la kwanza: mmoja akiondoka?

Baada ya kosa lile nilikaa nikatafuta kipimo ambacho mfasiri aweza kukitumia mezani pake bila ya kuwa mtaalamu wa uchumi wala siasa. Kipimo nilichokiona kuwa chepesi ni kuuliza: mmoja wa hawa watatu akiondoka, wenziwe hupatwa na nini? Majibu yawezekanayo ni matatu, na historia ya Kilimanjaro na ya Afrika Mashariki ina mifano ya yote.

Jibu la kwanza: wote hupungukiwa. Hapa ndipo penye mafiga. Methali yasema figa moja haliinjiki chungu. Wala mawili hayakiinjiki. Mfano bora wa mteremkoni ni kihamba. Katika kihamba cha asili mna migomba, mibuni na mifugo ya zizini. Migomba huitilia mibuni kivuli. Majani na magogo ya migomba hulishwa ng’ombe na mbuzi. Samadi ya zizini hurudishwa shinani pa migomba na mibuni. Ondoa mifugo, na ardhi itachoka; ondoa migomba, na kahawa itaungua jua, na mfugo atakosa malisho. Utaratibu huo wa kilimo ndio uliofanya kihamba cha Shimbwe Juu kitambuliwe na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye thamani duniani. Hayo ni mafiga matatu kwa haki.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilisimama juu ya nchi tatu: Tanzania, Kenya na Uganda, na juu ya marais watatu: Julius Nyerere, Jomo Kenyatta na Milton Obote. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo mamlaka kuu ya Jumuiya, ambayo ilikuwa ni kikao cha marais hao, haikukutana tena. Hiyo haikuwa sababu pekee ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, kwani palikuwa na migogoro ya mali na ya itikadi pia. Lakini chungu kilikuwa kimekwisha kupoteza figa moja. Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, nchi zilikuwa ni zile zile tatu, kisha mwaka 2007 wakaingia Rwanda na Burundi, na wengine wakafuata. Tangu hapo kuiita Jumuiya mafiga matatu ni kosa la hesabu.

Jibu la pili: wenziwe hufaidika. Hao si mafiga bali ni mahasimu wenye nguvu, na Kiswahili cha leo huwaita vigogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, watawala waliovuma zaidi Kilimanjaro walikuwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Marealle wa Marangu. Machame nayo ilikuwa na nguvu zake, lakini watatu hao ndio waliojaa masikioni mwa wafanya biashara wa misafara na baadaye mwa Wajerumani. Kila mmoja alitafuta bunduki, pembe na urafiki wa wageni ili amshinde mwenzake. Mwaka 1891 Wajerumani walipoishambulia Kibosho, aliyefurahi alikuwa Rindi. Rindi alifariki mwaka huo huo, na Sina mwaka 1897. Mwaka 1900 Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, na Mangi Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina, pamoja na wenzao. Aliyebaki na nguvu alikuwa Marealle, naye mwaka 1904 akalazimika kukimbia. Hapa kuondoka kwa mmoja kulikuwa ni ngazi ya mwingine. Mwandishi atakayewaita “mafiga matatu ya Uchaga” atakuwa ameigeuza historia kichwa chini.

Roma ya kale ina mfano unaofanana. Mwaka 60 kabla ya Kristo, Julius Caesar, Pompeius na Crassus walipatana kwa siri kusaidiana katika utawala. Crassus alipouawa vitani mwaka 53, waliobaki hawakumaliza miaka mitano kabla ya kupigana wao kwa wao. Mapatano yalikuwapo, lakini yalikuwa ni mapatano ya vigogo.

Jibu la tatu: wenziwe hawaguswi. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza iliigawa nchi ya Wachaga katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na juu ya kila sehemu ikaweka Mangi Mwitori: Abdiel Shangali kwa Hai, Petro Itosi Marealle kwa Vunjo, na John Maruma kwa Rombo. Waitori hawa watatu walikuwa wakubwa kuliko Wamangi wengine, lakini hawakuinjika chungu kimoja wala hawakunyang’anyana. Kila mmoja alikuwa na eneo lake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba lugha ya mahali ilikuwa na jina la cheo cha kila mmoja, Mwitori, nalo lilitosha kwa wote: Waitori watatu. Kilichowaunganisha ulikuwa mgawo wa mtawala wa kigeni, na mgawo huo haukudumu. Chama cha Raia wa Kichaga kilichoanzishwa mwaka 1949, ambacho Petro Njau alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilidai Mangi Mkuu mmoja atakayechaguliwa na watu. Thomas Marealle alichaguliwa, akatawazwa mwaka 1952. Uchifu wenyewe ulifutwa nchini Tanganyika mwaka 1963.

Basi palipo na mgawo tu, mfasiri asitafute tamathali. Aandike jina la cheo au la kazi, kisha aongeze “watatu”. Ukavu si aibu katika lugha ya serikali.

Swali la pili: wa nne akibisha hodi?

Swali la kwanza halitoshi kwa mambo ya biashara, kwani wafanya biashara watatu waweza kuwa mahasimu mbele za watu na bado wakawa ukuta mmoja kwa anayetaka kuingia. Kwa hiyo twahitaji swali la pili: wa nne akija, mlango u wazi?

Tutazame michezo. Katika tenisi ya wanaume, Roger Federer alitwaa mataji makubwa 20, Rafael Nadal 22 na Novak Djokovic 24. Jumla ni 66. Lakini hakuna aliyemfungia mwingine lango. Andy Murray na Stan Wawrinka walipita humo humo, kila mmoja akapata mataji 3. Hao ni vigogo watatu, na heshima yao ni ya haki. Katika kandanda ya Tanzania Bara husemwa Yanga, Simba na Azam. Azam ilitwaa ubingwa msimu wa 2013/14, na kuanzia msimu uliofuata hadi wa 2024/25 ubingwa ulipokezanwa na Yanga na Simba tu. Kwa msimamo wa ligi laweza kutumika neno “tatu bora”, ambalo lataja nafasi katika orodha ya msimu mmoja. Lakini kusema kwamba watatu hao wanatawala sawasawa ni kumpa wa tatu kisichokuwa chake.

Sokoni mambo ni mengine. Tunalo neno “ukiritimba” kwa hali ya mmoja kulishika soko peke yake. Wazee wa Moshi wanaijua hali hiyo, hata ndani ya chombo chao wenyewe: Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933 kuwainua wakulima wa kahawa, lakini mkulima alipolazimishwa kuuza kupitia humo tu, mwaka 1937 palizuka ghasia. Neno “ukiritimba”, hata hivyo, lina udhaifu wawili. Kwanza, ni la mmoja. Haliwezi kunyooshwa likawa la watatu. Pili, katika vinywa vya watu limekwisha kuingia eneo la “urasimu”, yaani usumbufu wa ofisini, hata mwananchi husema “ukiritimba” akikusudia kuzungushwa kwa barua yake.

Umuhimu wa kuwa na neno la watatu waweza kuonekana katika sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilipotungwa ilitambua kwamba mtu ana nafasi ya kutawala soko iwapo, akitenda peke yake, aweza kuubana ushindani kwa faida yake na kwa muda wa kutosha, na iwapo sehemu yake ya soko yazidi asilimia 35. Sasa tufanye hesabu ya darasani. Makampuni matatu yakigawana soko sawasawa, kila moja litakuwa na asilimia 33 na kidogo. Kwa pamoja wana soko zima; kwa kipimo kile, hakuna hata mmoja anayetawala. Sisemi kwamba sheria haina njia nyingine, kwa kuwa mapatano ya kubana ushindani yana vifungu vyake. Nasema kwamba hakimu, diwani au mkulima hawezi kuijadili hali ambayo lugha yake haina jina lake.

Maneno mengine mawili

Yafaa tuseme machache juu ya “utatu”. Neno hili limezoewa kanisani, na huko lina maana nzito ya nafsi tatu zisizotengana. Limetumika vema pia katika mambo ya kazi, kwa majadiliano ya serikali, waajiri na wafanyakazi. Lafaa vile vile kwa utaratibu wa SADC wa mwenyekiti aliyetangulia, aliyepo na ajaye, ambao wengi huuita kwa neno la Kirusi “troika”, yaani gari lenye kukokotwa na farasi watatu. Katika yote hayo wazo ni moja: watatu waliofungwa na kazi moja kwa utaratibu unaojulikana. Kwa wanunuzi watatu wasiokuwa na mkataba wowote baina yao, “utatu” huwapa umoja wasiokuwa nao, au huwatuhumu kwa mapatano ambayo hayajathibitishwa.

Nalo neno “mafiga matatu” limepata maisha mapya katika kampeni za uchaguzi, ambapo mpiga kura huombwa achague rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Mwenye kampeni ana haki ya kuchagua tamathali imfaayo. Mfasiri wa serikali, mwalimu na mwandishi wa taarifa hawana haki hiyo. Figa ni kitu cha kutunzwa. Alitajaye amekwisha kutoa ushauri.

Mapendekezo

Kwa kufuata yaliyoelezwa, yapendekezwa matumizi yafuatayo:

1. Mafiga matatu: watatu wanaotegemeana, ambao mmoja wao akiondoka kazi yote huharibika. Mfano: migomba, mibuni na mifugo ni mafiga matatu ya kihamba.

2. Utatu: watatu waliounganishwa kwa utaratibu rasmi katika kazi moja. Mfano: majadiliano ya utatu baina ya serikali, waajiri na wafanyakazi.

3. Vigogo watatu: wenye nguvu watatu wanaoshindana. Neno hili ni la magazeti na mazungumzo. Katika hati rasmi iandikwe “washindani watatu wakuu”.

4. Tatu bora: nafasi tatu za kwanza katika orodha au mashindano, bila ya kudai kwamba wenye nafasi hizo wanatawala.

5. Uhodhi wa watatu: hali ya watatu kulishika soko hata wa nne asiweze kuingia au kudumu. Neno kuu liwe “uhodhi wa wachache”, na idadi itajwe inapojulikana. Kitenzi “hodhi” kimekwisha kuzoewa kwa ardhi, bidhaa na madaraka, na hakuna atakayelisikia akadhani anasifiwa mtu.

Pendekezo la tano ndilo lenye kuhitaji maoni zaidi. Huenda wengine wakaona kwamba “uhodhi” lina ukali kupita kiasi, kwani watatu waweza kulishika soko kwa ubora wa kazi yao tu. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana neno lisitumike kabla ya kuuliza swali la pili, lile la mlango. Mlango ukiwa wazi, hao ni washindani watatu wakuu. Mlango ukiwa umefungwa, lugha isiogope kusema.

Hitimisho

Nilirudi katika kijiji kile baada ya majuma machache, nikiwa na taarifa iliyosahihishwa. Palipokuwa na “mafiga matatu” sasa palisomeka kwamba wanunuzi watatu wanalihodhi soko la eneo hili. Mzee yule yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Sasa, mwanangu, kama wanahodhi, wa nne tutampata wapi?” Sikuwa na jibu, na halikuwa langu kulitoa. Lakini siku ile mkutano ulijadili bei hadi jua likatua.

Walimu, watafsiri na watumishi wa serikali wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao na kutuletea maoni yao, hasa mifano ambayo haikubaliani na vipimo viwili vilivyotolewa hapa.